Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu

Nilikuwa katikati ya Daraja la Tanzanite hapa Dar, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimetokea upande wa hospitali ya Aga Khan naelekea ufukwe wa Coco, nikaangalia saa mkononi ikaniambia mapigo ya moyo ni 172. Nina miaka 44. Ukichukua ile hesabu ya mapigo ya juu kabisa ya mtu, 220 toa umri, unapata 176, yaani kwa mujibu wa ile saa nilikuwa nimebakiza mapigo manne tu nifike mwisho wa moyo wangu, na wakati huo nilikuwa nakimbia taratibu kabisa, naongea na mwenzangu habari za ada za watoto. Nikasimama. Nikashika ukingo wa daraja nikaogopa kwelikweli, maana mama yangu aliondoka kwa kiharusi na mimi nilianza mazoezi sababu ya presha, siyo sababu ya urembo.

Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Mtu anayekimbia kwa ajili ya medali namba ikikosea atakasirika, basi. Mtu anayekimbia kwa ajili ya moyo wake namba ikikosea inamrudisha nyumbani akalale.

Nianze mwanzo. Kituo cha afya walinipima presha nikakutwa na 148 kwa 94, nesi akaniambia dada, kabla ya kuongezewa dawa jaribu kutembea haraka au kukimbia polepole, nusu saa, siku tano kwa wiki, usijiue, uwe unaweza kuongea. Nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, zile za Jumamosi alfajiri watu wanakimbia wanaimba. Kocha wetu ni mwalimu wa michezo mstaafu, yeye anatumia mkanda wa kifuani, ule unaofungwa chini ya matiti unasoma umeme wa moyo wenyewe halafu unatuma namba kwenye saa. Hivyo vitu siyo vya jana, Wafini wa kampuni ya Polar walitoa cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982 na mpaka leo ukitaka namba ya kuaminika ukiwa unakimbia huo mkanda ndiyo watu wanautumia kupimia vifaa vingine.

Akaniazima wiki mbili. Kwa usahihi sina neno. Ila mimi ni mwanamke, nina matiti makubwa, mkanda unakaa palepale ulipo ukingo wa sidiria, na Dar hii ya Februari jasho linaanza kabla hujafunga kamba za viatu. Siku ya nne nilikuwa na kidonda chini ya titi la kushoto, siku ya sita kikawa kinauma hata nikiwa nimelala. Nikipandisha mkanda unashuka, nikikaza siwezi kuvuta pumzi vizuri, nikilegeza unazunguka. Kina dada wa klabu wengi wakasema na wao waliacha kwa sababu hiyohiyo, tatizo ni kwamba hakuna anayelisema mbele ya wanaume. Nalisema hapa kwa sauti. Kutafuta kifaa kisicho na mkanda wa kifuani siyo uvivu wala kujidekeza, kifaa usichoweza kukivaa hakikupimi chochote.

Basi nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikanunua saa janja ya 35,000. Kioo kizuri, inaonyesha hatua, usingizi, presha, oksijeni, mapigo, kila kitu. Sikuuliza swali hata moja zaidi ya bei na chaji inakaa siku ngapi. Na hiyo saa ndiyo iliyonisimamisha darajani.

Wiki tatu nzima baada ya siku ile nilitembea. Nikianza tu kukimbia inapanda 165, 168, 172, nikitembea inashuka haraka, nashukuru Mungu, naendelea kutembea. Nikawa naamini moyo wangu una tatizo kubwa, usiku nalala naweka mkono kifuani. Kocha akaniona nimebaki nyuma na kina bibi, akaja kuniuliza, mama vipi? Nikamwonyesha saa. Akaniangalia usoni, akasema mbona unaongea vizuri na hujaishiwa pumzi, hebu njoo. Akanikimbiza mwendo wangu wa kawaida dakika tano mbele ya macho yake, saa ikasoma 171, akaniambia simama, weka vidole viwili hapa, kwenye mshipa upande wa kidole gumba, usitumie gumba lenyewe kupimia maana nalo lina mapigo yake, hesabu sekunde 15. Nikahesabu 35. Mara nne ni 140.

140 na 171! Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akaniambia kimbia tena, safari hii mimi nahesabu miguu yako. Akahesabu dakika nzima. Hatua 170.

Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu. Kumbe hili ni jambo linalojulikana kabisa kwa watu wanaotumia hivi vifaa, na chanzo chake ukikielewa hutakaa uangalie saa yako kwa macho yaleyale. Zile taa za kijani zilizo mgongoni mwa saa zinamulika ndani ya ngozi, damu inanyonya mwanga wa kijani, moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye vimishipa mwanga unaorudi unapungua, ukipumzika unaongezeka, na kuna kijicho pembeni ya taa kinachosoma huo mwanga unaopungua na kuongezeka. Hausomwi umeme wa moyo hapo, inasomwa damu inavyotikisika. Sasa ukikimbia mkono unarushwa mbele na nyuma, damu ya mkononi nayo inarushwa, saa yenyewe inachezacheza juu ya mfupa, na yote hayo yanatokea kwa mpigo mmoja unaofuatana na hatua. Mtu akikimbia hatua zake zinakuwa 160 mpaka 180 kwa dakika, yaani palepale ambapo moyo wa mtu anayekazana unaweza kuwa. Kompyuta ndogo ndani ya saa inasikia midundo miwili, wa moyo ambao ni mdogo na wa miguu ambao ni mkubwa, ikishindwa kuitenganisha inashika ule mkubwa. Kwa hiyo namba inayotoka siyo ya kubahatisha, ni namba safi, imetulia, haichezi, na ndiyo maana inaaminika kirahisi.

Dalili mbili zilikuwa mbele yangu muda wote sikuzijua. Ya kwanza, namba ilikuwa inaruka ghafla nikianza kukimbia, dakika haijaisha tayari 165, wakati moyo unapanda ngazi kwa ngazi. Ya pili, nikiacha kukimbia nikaanza kutembea ilikuwa inadondoka mpaka 115 ndani ya sekunde chache, na 115 ndizo hatua zangu nikitembea. Moyo hauna breki za namna hiyo.

Ile saa nyumbani nikaizungushia kwenye khanga niliyoikunja kama mkono wa mtoto, nikawasha, ikaniambia khanga ina mapigo 78. Ila tuwe wakweli, hata saa za bei kubwa zinaweza kudanganyika kwa mtihani wa aina hii maana zinachojua ni mwanga unaorudi tu, kwa hiyo hicho siyo kipimo cha kusema hii feki hii ya kweli. Kilichonikera ni lile eneo la presha. Ilikuwa inaniandikia 118 kwa 76 kila siku iendayo kwa Mungu, ilhali mashine ya mkono pale kituo cha afya inasema 140 na kitu. Nina dada mmoja alikuwa anataka kupunguza vidonge kwa kuangalia namba za saa kama hiyo. Jamani, hapana. Nenda kapimwe na mashine inayobana mkono.

Nikaanza sasa kutafuta kwa akili. Hapa kuna swali nililokuwa nalo moyoni ambalo najua wengi wenu mnalo, je, hizi taa zinasoma ngozi nyeusi? Melanini inanyonya mwanga wa kijani, hilo halina ubishi. Kuna tafiti zilizoona tofauti, na kuna ya watu wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, ilichapishwa 2020, walipima watu 53 wa rangi zote kuanzia weupe kabisa mpaka weusi kabisa, wakakuta rangi ya ngozi haikuleta tofauti kubwa kwenye mapigo, kilicholeta makosa ni mwendo, kosa mtu akiwa kwenye shughuli lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia, pamoja na tofauti ya kifaa na kifaa. Mimi ni mweusi wa Kindengereko, kwangu nimekuta ni hivyohivyo, nikikaa kwenye kiti hata ile ya 35,000 ilikuwa inapatia. Tatizo linaanza mguu ukinyanyuka.

Ila piko ni habari nyingine. Mwezi wa nane tulikuwa na harusi ya mtoto wa dada, nikapigwa piko nyeusi ti kuanzia vidoleni mpaka katikati ya mkono, Jumatatu nikavaa saa niliyoazima kwa mwanangu, ikawa inatoa vistari tu, mara 60, mara vistari. Nikaihamishia mkono wa pili nako kuna piko. Watengenezaji wenyewe, Apple kwa mfano, wanasema tatuu inaweza kuziba mwanga, sasa rangi nzito ya juu ya ngozi itaachaje? Kwa kina mama wa Pwani hili siyo dogo, sisi kila mwezi kuna shughuli.

Nikaenda pia Lushoto mwezi wa sita kumsalimia shangazi, nikakimbia asubuhi kwenye baridi ile ya ukungu. Saa ya mkononi dakika kumi za mwanzo ilikuwa haijielewi kabisa. Baridi inakaza mishipa ya mikono, damu inakimbilia ndani kuupasha mwili joto, kwa hiyo pale unapovaa saa panabaki pakavu, hakuna cha kusoma. Nilipopata joto ikarudi.

Ukiyaweka yote pamoja, mfupa, mkono unaorushwa, baridi, piko, unaona tatizo linazunguka sehemu moja, pale tunapovaa saa. Ni sehemu mbaya ya kupimia, imejaa mifupa na kano, nyama hakuna. Ndipo kocha akaniambia habari ya vifaa vya taa hizohizo lakini unavivaa juu ya kiwiko, kwenye msuli wa mkono. Sikuwa najua kama vipo. Pale nyama ipo, damu ipo, haparushwi sana kama kiganja, hapapati baridi haraka, na hakuna mpiga piko anayefika huko. Mgeni wetu alikuwa anatoka Dubai nikamwagiza ya Polar, inaitwa Verity Sense, ilitoka 2021 kwa kama dola 90 huko Marekani. Ni kidude kama kifungo cha koti, kina taa sita, kinakaa kwenye kitambaa cha mpira unachoweza kukifua. Hakina kioo. Kinatuma namba kwa blutuuthi kwenye simu au kwenye saa nyingine. Kuna makampuni mengine yanatengeneza ya aina hiyo, mimi naongelea niliyoivaa.

Dola 90 kwangu ni pesa nyingi, nilikaa na hilo wazo miezi miwili nikiweka kidogokidogo. Lakini nilishatumia 35,000 kwa saa iliyonitembeza wiki tatu kwa hofu.

Siku ilipofika nikamwomba kocha tufanye jaribio, mimi nikavaa hiki cha mkononi juu, saa ya mwanangu kwenye kifundo cha mkono, na mkanda wake wa kifuani nikaustahimili siku moja hiyo. Tukakimbia barabara ya Toure. Dakika kumi za mwendo mmoja vyote vitatu vilikuwa vinapishana mapigo mawili matatu, ukiona hivyo unaweza kusema vyote sawa. Halafu tukaanza kukimbia kwa nguvu dakika moja, kutembea dakika moja, mara sita. Hapo ndipo mambo yakajitenga. Kifua kinasema 163, cha juu ya kiwiko 160 kinafuata nyuma sekunde chache, saa ya kifundoni bado iko 131, inakuja kufika 158 wakati mimi nimeshaanza kutembea na moyo unashuka. Yaani ilikuwa inaniambia habari za dakika iliyopita. Kwa mwendo mmoja wa kutulia saa ya mkononi iliyo nzuri inatosha, kwa mbio za kupanda na kushuka haitoshi, na kwa kunyanyua vyuma ndiyo usiiamini kabisa, maana ukikunja kiganja na kukaza ngumi unabana kila kitu pale chini ya saa. Binti yangu anaenda jimu, anachuchumaa na uzito mpaka jasho linamchuruzika, saa inamwambia 92.

Sasa kuna kosa lingine ambalo siyo la kifaa, ni letu. Ile 220 toa umri ni hesabu ya wastani tu, watu wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi juu au chini na wote wazima. Kuna nyingine ya mwaka 2001, 208 toa umri mara 0.7, kwangu inatoa 177, karibu ileile, ila kwa mtu wa miaka 65 ya kwanza inampa 155 na hii inampa 162 na nusu, si kitu kidogo. Kwenye klabu tuna mama mmoja anatumia atenolol ya presha. Alinunua saa nzuri, kila siku inamwambia uko chini, ongeza bidii, uko chini, ongeza bidii, na yeye anaongeza mpaka siku moja akaona giza akakaa chini barabarani. Atenolol kazi yake mojawapo ni kuzuia moyo usipige haraka. Moyo wake hauwezi kufika ile 125 ambayo saa inaitaka kwa umri wake, na hautakiwi ufike. Daktari wake akamwambia sahau namba za saa, tumia pumzi, ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata uko pazuri, usipoweza punguza. Kwa hiyo kama unameza dawa za presha au za moyo, kabla hujanunua kifaa chochote muulize daktari mapigo yako yaishie wapi, hiyo namba ndiyo utakayoweka kwenye programu.

Na joto. Hakuna aliyeniambia habari ya joto nikahangaika nayo mwenyewe. Mwendo uleule, barabara ileile, dakika ya kumi nina 138, dakika ya hamsini nina 152, miguu haijabadilika kitu. Mwanzoni nikadhani kifaa kipya nacho kimeanza. Nikapima kwa vidole, 38 kwa sekunde 15, ni kweli 152. Ukitoka jasho maji ya damu yanapungua, na damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, kwa hiyo kila pigo linabeba kidogo na moyo unaongeza idadi kufidia. Dar ya Januari na Februari lazima utegemee hilo. Mimi huwa napunguza mwendo nibaki kwenye 140 na kitu, siku zingine hiyo inamaanisha natembea kilomita ya mwisho, natembea kwa amani.

Kama unaenda dukani kesho, ntakwambia nisichouliza mimi siku ile Aggrey. Uliza kama kinapima muda wote ukiwasha hali ya mazoezi au kinachungulia kila baada ya dakika kumi, maana vingi ndivyo vinavyotoka kiwandani na unatakiwa ubadilishe mwenyewe. Uliza kama kinaweza kutuma namba kwa blutuuthi kwenye programu nyingine, ili hata kioo kikifa uendelee. Omba ukivae, halafu ruka kamba ya kufikirika palepale dukani dakika mbili, wakushangae, kisha simama uhesabu kwa vidole. Ukiamua saa ya mkononi maana ndiyo mfuko unaruhusu, ivae vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ibane isicheze lakini isikate damu, futa mafuta uliyopaka, na ufanye dakika kumi za kupasha mwili kabla hujaanza kuiamini. Mabadiliko hayo tu yaliifanya saa ya mwanangu isome vizuri mara mbili ya mwanzo.

Zile saa za zamani za kubonyeza kwa kidole juu ya chuma sizikatai, kaka yangu alikuwa nayo, inasoma umeme kama mkanda, ila inataka usimame utulie ushike, na mimi nataka kujua nikiwa natembea.

Jumamosi iliyopita nilipita tena pale darajani. Yule mama wa atenolol alikuwa pembeni yangu, nimemfunga kidude changu mkononi mwake ajaribu, simu yake inasoma 109. Tukasimama palepale nilipoogopea, akaweka vidole, midomo inahesabu, mimi nashika muda. Ishirini na saba. Akaangalia bahari kidogo, akasema mara nne ni mia na nane, haya twende.